Kupakua bodi ya kazi si kupata historia yake

Karakana ninayoisaidia na hesabu hapa Kondele, Kisumu, hutengeneza friji na pampu za maji. Kila kazi ina kadi yake kwenye Trello, programu ya mtandaoni ya kupanga kazi kwenye bodi: friza ya muuza samaki wa Dunga, pampu ya mkulima wa mpunga wa Ahero. Kadi huingia orodha ya "Imepokewa", hupitia "Inasubiri spea", huishia "Imechukuliwa". Wateja walipozidi kulalamika kwamba tunachelewa, mwenye karakana aliniambia, "Si ubonyeze tu pale pa kupakua, uiweke kwenye hiyo databesi yako, tuone fundi gani anatuchelewesha?"

Wengi huamini hivyo, kwamba ukishapakua umepata kila kitu. Kumbe faili la JSON (data kwa maandishi) ambalo Trello hukupa ukipakua hubeba matukio 1,000 ya karibuni tu. Kuhamisha kadi ni tukio, kuandika maoni ni tukio, kubandika picha ya mota iliyoungua ni tukio. Bodi yenye pilikapilika humaliza fungu hilo upesi. Ukitaka ya zamani, unayaomba kupitia API, yaani mlango ambao programu moja huombea data kwa nyingine, fungu baada ya fungu, kila mara ukitaja ulipoishia ili urudi nyuma zaidi.

Na uhondo wote uko kwenye matukio. Kadi hukwambia iko wapi leo, haikwambii ilikaa wapi kwa muda gani. Ndiyo maana nina majedwali mawili: la kadi, na la safari zake, kila mstari ukitaja orodha ilikotoka kadi, ilikokwenda, na lini. Pampu moja ya Ahero ilikaa kwetu siku 12. Jedwali la safari lilionyesha kwamba siku 10 kati ya hizo ilikuwa "Inasubiri spea". Fundi aliishika alasiri moja tu.

Hata siku kadi ilipofunguliwa haikuandikwa waziwazi. Imejificha kwenye kitambulisho chake: tarakimu 8 za mwanzo ni sekunde tangu 1 Januari 1970, zimeandikwa kwa mfumo wa heksadesimali (wa kuhesabu kwa 16). Nilipogundua hilo nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kitambulisho hicho hicho ndicho ufunguo wa jedwali, yaani kinachotofautisha mstari mmoja na mwingine, si jina la kadi. Tuna kadi tatu zinazoitwa "Pampu Ahero". Ukipakia kila Ijumaa bila ufunguo, kazi moja itahesabiwa kila wiki kama mpya.

Saa nayo hudanganya. Trello huandika muda kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, nasi tuko saa 3 mbele. Friza ya samaki iliyokamilika usiku wa kuamkia Jumanne, saa 23:00 ya UTC, inahesabiwa kazi ya Jumatatu. Saa ya kompyuta hapa inasoma 02:00, fundi anakwambia saa nane usiku. Hifadhi UTC, ubadilishe unaposoma.

Wapo wanaodhani ili uwe na databesi ni lazima ukodi seva. SQLite, programu ya databesi iliyotoka mwaka 2000, huweka data kwenye faili moja kwenye laptopu, haina malipo, na haihitaji intaneti. Stima ikipotea, betri inatosha.

Na CSV (faili la jedwali la maandishi matupu) iliyofunguliwa kwa Excel "kuangalia tu" kisha ikahifadhiwa? Nambari ya simu inayoanza na 07 imebaki na 7, na 03/04 inaweza kugeuka kutoka Aprili kuwa Machi. Afadhali simu za wateja usizipakie kabisa: hazihitajiki kwenye uchambuzi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihusu hata zikiwa kwenye laptopu yako.

Sasa lile swali la nani anachelewesha. Kwa wastani wa siku kwa kila kadi, fundi wetu mkongwe ndiye aliyekuwa wa mwisho. Lakini ndiye anayepewa pampu, na pampu ndizo zinazongoja beringi. Vijana wanashika friji zinazotaka gesi tu. Nilipotoa siku za kungoja spea na kutumia kiwango cha kati (kadi ya katikati zikipangwa kwa siku) badala ya wastani, pengo likaisha. Mwenye karakana alitazama jedwali kimya, akaniambia nifute safu ya majina. Kisha akauliza bei ya beringi za jumla.