Una nafasi gani ya kupata MBA kwenye vyuo vikubwa? Jipime hivi

Vijana wa hapa Mtwara wanaotaka kwenda kusoma MBA (shahada ya uzamili ya biashara) nje huniuliza swali moja kuliko yote: "Kaka, mimi nina asilimia ngapi za kupata?" Wengi wameshasoma kwamba Harvard hupokea maombi kati ya 8,000 na 10,000 kwa mwaka, na darasa lina watu 930 hivi. Wakipiga hesabu, wanakata tamaa. Lakini ndani ya maombi hayo wamo walioandika insha usiku mmoja, na wamo ambao kamati ya udahili ikisoma kurasa zao mbili za kwanza imeshawakataa. Asilimia ya chuo inawaweka wote kapu moja. Wewe jipime peke yako.

Anza na alama, maana hapo kuna namba za kulinganisha. Vyuo vingi vikubwa hutangaza sifa za darasa lililoingia, na baadhi huonyesha alama za GMAT, mtihani wa kuomba vyuo vya biashara, za asilimia 80 ya katikati (yaani ukiacha mtu 1 kati ya 10 wa chini kabisa na 1 kati ya 10 wa juu kabisa), kuanzia ya chini hadi ya juu. Tazama ile ya chini. Ukiwa juu yake, alama zako zinatosha kukufikisha mezani. Ukiwa chini yake, jua kwamba ni mtu 1 kati ya 10 tu aliyeingia hivyo, naye alikuwa na kitu kizito cha kufidia. Na uwe makini na vitabu vya zamani vinavyozunguka mtaani: GMAT ya sasa inaanzia 205 hadi 805, na 645 ya leo inakaribiana na 700 ya zamani. Kuna watu wenye alama nzuri kabisa wanaorudia mtihani bure kwa kutolijua hili.

GPA nayo inawatisha watu pasipo sababu. Mtu ana 3.8 ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, daraja la pili la juu, anaigawa kwa 5 na kuizidisha kwa 4, anapata 3.04, anaacha kuomba. Usiibadilishe. Iandike kama ilivyo kwenye transkripti, pamoja na kipimo chake cha 5. Kama kweli ni ndogo, tuseme 3.1, huwezi kuirekebisha leo. Unachoweza ni kupandisha alama ya hesabu kwenye GMAT, ili kamati isiwe na shaka kwamba utalimudu darasa.

Kazi ndiyo inayoamua, na hapa ndipo watu wa Kusini tunapojipunja. Nilisoma wasifu wa dada mmoja, mhasibu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho huko Tandahimba. Aliandika: "Nilihusika kuandaa taarifa za fedha." Basi. Nikamuuliza msimu ulikuwaje. Kumbe malipo ya wakulima yalikuwa yanarudi kutoka benki kwa sababu majina kwenye daftari la chama hayafanani na ya kwenye akaunti. Yeye ndiye aliyewashawishi viongozi wa chama, wanaume waliomzidi umri wote, wafunge daftari la zamani na kuhakiki majina upya kijiji kwa kijiji kabla ya mnada wa kwanza. Huo ni uongozi, na kamati inautafuta hasa: uliona tatizo gani, ulimshawishi nani bila kuwa na cheo, nini kilibadilika. Msomaji wa Harvard, kule Boston, hajui stakabadhi ghalani. Mweleze kwa sentensi mbili kwamba mkulima anapeleka korosho ghalani, zinauzwa kwa mnada, fedha zinapita chamani na kumfikia benki. Kisha mwonyeshe wewe ulisimama wapi.

Jiulize basi: una matukio mawili au matatu ya namna hiyo, yenye namba na mtu wa kuyathibitisha? Kama huna, kusubiri mwaka au miwili kutakusaidia kuliko kuongeza alama 20 za GMAT. Wanaodahiliwa Harvard na Stanford wana wastani wa miaka 5 hivi kazini, kwa hiyo mwenye miwili hajachelewa.

Ada isikuzuie kuomba. Stanford, kwa mfano, ina ufadhili kwa raia wa nchi za Afrika wenye uhitaji, kwa sharti la kurudi kufanya kazi Afrika baada ya kuhitimu.

Halafu kalenda. Mzunguko wa kwanza wa maombi kwa vyuo vingi vya Marekani hufungwa Septemba, wa pili mwanzoni mwa Januari. Aliye kwenye korosho anajua Oktoba hadi Desemba hana usiku wala mchana, hivyo namshauri mzunguko wa kwanza: GMAT imalizike kufikia Juni, insha Julai na Agosti. Mzunguko wa tatu uachie wengine, nafasi zimebaki chache na muda wa viza ni finyu. Bosi atakayekuandikia mapendekezo naye mwombe mapema, Juni hiyohiyo. Kaa naye, mkumbushe kazi mlizofanya pamoja, mpe tarehe ya mwisho inayotangulia ile ya chuo kwa wiki mbili, maana magunia yakianza kuingia ghalani hutampata tena.