Kusajili dhamana ya mkopo mtandaoni: kila kitu ni jina

Nchini Marekani, mkopeshaji anayeshika mashine, mifugo au bidhaa za stoo kama dhamana hapeleki mkataba wa mkopo serikalini. Anasajili taarifa fupi, fomu UCC1 (UCC ni Uniform Commercial Code, sheria ya biashara inayotumiwa na majimbo): jina la mkopaji, jina la mkopeshaji, maelezo ya mali. Ikiwa mkopaji ni kampuni, kwa kawaida taarifa hiyo inasajiliwa katika jimbo lililoiandikisha kampuni, hata kama mashine zote ziko jimbo lingine.

Kilichofungua njia ya kompyuta ni kufutwa kwa saini. Zamani mkopaji alitakiwa asaini fomu. Kifungu cha 9 cha UCC kilichoandikwa upya, kilichoanza kutumika katika majimbo mengi tarehe 1 Julai 2001, kiliondoa sharti hilo: mkopaji akishasaini mkataba wa dhamana, ameshaidhinisha usajili.

Leo unajaza, unalipa ada, unapata namba ya usajili na saa uliyopokelewa. Saa hiyo si pambo, kwani mali moja ikidaiwa na wawili, kwa kawaida aliyetangulia kusajili hutangulia kulipwa. Ukiacha anwani wazi, mfumo unakugomea papo hapo. Ila jina ukilikosea, unapokelewa vizuri tu na kupewa risiti.

Rejista hupekuliwa kwa jina la mkopaji. Programu ya upekuzi kwa kawaida hupuuza herufi kubwa na ndogo, nukta, na viishio kama “Inc.” au “LLC”. Haipuuzi herufi ya kweli. Andika “Tractor” wakati kampuni ni “Tractors”, na mtu akipekua jina sahihi huenda asikuone. Asipokuona, usajili wako hauna nguvu. Mkopaji akifilisika, unapanga foleni na wadai wasio na dhamana. Kwa hiyo nakili jina kutoka hati ya kuandikishwa kampuni, usilitoe kwenye barua zao wala kibao cha mlangoni. Kwa mtu binafsi, majimbo mengi yanafuata leseni ya udereva ambayo haijaisha muda. Na jina lake lisiingizwe kwenye nafasi ya jina la kampuni.

Usiambatishe mkataba mzima. Rejista ni ya wazi, na namba za akaunti zitasomwa na yeyote.

Kufuta usajili kunafanywa kwa fomu nyingine, UCC3, na hapa namba ya usajili ndiyo bwana. Mwaka 2008, katika kulipwa kwa mkopo mmoja wa General Motors, orodha ya kufutwa iliingiza kimakosa usajili wa mkopo mwingine wa dola bilioni 1.5. Benki ya JPMorgan, iliyosimamia mkopo huo, ilidai haikukusudia. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikasema benki iliidhinisha fomu hiyo, basi usajili umefutika. Mimi nalinganisha kila namba na nakala ya UCC1 yake, tarakimu kwa tarakimu.

Usajili wa kawaida hudumu miaka 5. Kuurefusha kunafanywa ndani ya miezi 6 ya mwisho tu. Ukiwahi hata siku moja, haihesabiki, na ukichelewa umeanza upya nyuma ya wengine.

Usajili wako ukishaingia kwenye rejista, pekua mwenyewe kwa jina lililo kwenye hati. Usipojiona, sajili tena siku hiyohiyo.