Gari ya oto haipigi stata ikiwa P? Usikimbilie kununua stata

Juzi mama mmoja kaniletea Toyota IST yake, kachoka kabisa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia, "Mwanangu, nimebadilisha stata na betri mwezi huu huu na bado gari inanigomea." Nikamuuliza, mama ukiitoa P (gia ya kuegesha) ukaweka frii (N) inawaka? "Frii inawaka vizuri, P ndo inakataa." Basi hapo nikajua pa kuanzia kabla hata sijafungua boneti, na iliniuma kwa sababu ile stata aliyotolewa ilikuwa nzima.

Gari ya oto ina swichi ndogo imekaa ubavuni mwa giaboksi, imevalishwa kwenye shafti inayozungushwa na kebo ya gia. Mafundi wengi tunaiita inhibita. Kazi yake kubwa ni kuzuia umeme wa stata usipite kama gia haiko P au N, ili gari isiwake ikaondoka na watu. Swichi hiyo hiyo inawasha taa za rivasi na inaiambia kompyuta gia iko wapi, ndo maana ikiharibika dalili zinakuja kwa kundi: P kimya, ukitikisa liva inapiga, taa za rivasi haziwaki, herufi ya gia inapotea kwenye dashibodi, na ukipima na mashine ya kusoma kompyuta ya gari unaweza kukuta kodi ya hitilafu P0705 au P0706.

Mimi naanza na betri, iwe kwenye volti 12.6 hivi injini ikiwa imezimwa, halafu nashika testa ya balbu naiweka kwenye ule waya mwembamba wa stata, sio ule mnene unaotoka betri, mtu anakanyaga breki na anawasha ufunguo. Balbu ikiwaka na stata haizunguki, kesi ni ya stata. Isipowaka ukiwa P lakini ikawaka ukiwa N, nenda kwenye inhibita. Haiwaki kote kote? Angalia fyuzi na rilei kwanza. Gari za kubonyeza batani pima na swichi ya breki, maana taa za breki zisipowaka nayo inagoma.

Kwa yule mama nilichomoa soketi ya inhibita nikakuta pini mbili zina ukijani, maji yaliingia. Nikasafisha kwa sprei ya umeme, nikapima na multimita kwenye zile pini mbili za stata, N inapitisha, P mita inarukaruka. Kumbe pia swichi ilikuwa imesogea, kuna mtu aliwahi kushusha giaboksi akairudisha kwa kukadiria. Kwenye Toyota nyingi swichi ina alama ya mstari: unaweka gia N, unalegeza bolti mbili zinazoishika, unaizungusha taratibu mpaka mkato wa shafti ukae sawa na ule mstari, ndo unakaza. Usikaze kwa nguvu, mwili wake ni laini. Hakikisha na kebo ya gia haijalegea, maana kebo ikivutika utarekebisha swichi kila wiki bure. Kama ndani imelika haitengamai, tafuta nyingine, na ukinunua ya mtumba ipime na mita hapo hapo dukani kabla hujatoa hela.

Sasa jambo linaloninyima raha. Kuna mafundi wakikuta inhibita imekufa wanaunganisha zile waya mbili za stata zinazopita kwenye swichi direkti, gari inapiga, mteja anafurahi analipa. Ndugu zangu, hiyo gari sasa inawaka hata ikiwa D, gia ya kwenda mbele! Nimeshapokea gari ya hivyo, mtoto aliwasha ufunguo nyumbani gia ikiwa D ikaruka mpaka kwenye geti, na kwa bahati hakukuwa na mtu mbele. Fundi mwenzangu, hata mteja akikuomba kwa sababu hana hela, kataa. Muonyeshe jinsi ya kuwashia N huku kakanyaga breki mpaka apate swichi.

Ukimaliza kazi usiikabidhi gari hivi hivi. Vuta hendibreki, kanyaga breki mpaka mwisho, jaribu kupiga stata P, R, N, D na hadi L. P na N ipige kila mara, kwingine kote iwe kimya, halafu weka R mtu asimame pembeni, sio nyuma, akuambie kama taa za rivasi zinawaka. Ya yule mama niliirudia mara kumi kwenye P huku yeye mwenyewe kashika ufunguo, ikapiga zote kumi.