Upele wa kinena usiosikia dawa ya fangasi: huenda ni soriasisi

Nimepaka dawa ya fangasi kwa miezi, kinena bado kinawasha. Nina nini?

Huenda si fangasi. Ipo aina ya soriasisi (ugonjwa wa ngozi usioambukiza) inayokaa kwenye mikunjo ya ngozi: makwapani, chini ya matiti, kinenani, katikati ya makalio, hata kitovuni. Wengi hawaitambui, kwa kuwa soriasisi waliyoizoea ni ile ya magamba meupe viwikoni na magotini. Kwenye mikunjo, unyevu na msuguano huyaondoa magamba, likabaki baka laini linalong'aa, lenye mpaka unaoonekana wazi. Kwa mtu mweupe baka huwa jekundu. Kwenye ngozi nyeusi huwa la zambarau, kahawia, au jeusi kuliko ngozi inayolizunguka. Wakati mwingine ngozi hupasuka ndani ya mkunjo na kuuma.

Nitaitofautishaje na fangasi?

Fangasi wa kinena mara nyingi hutambaa kama pete: ukingoni kuna magamba, katikati panaanza kupoa. Baka la soriasisi huwa sawasawa lote. Kagua pia dalili nyingine za soriasisi: magamba kichwani au nyuma ya masikio, na kucha zenye vitobo vidogo. Lakini macho hudanganya, na magonjwa haya mawili huweza kukaa pamoja. Omba ngozi ikwanguliwe kidogo, ipimwe kwa hadubini.

Inatibiwaje?

Kwa kawaida daktari huanza na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi) hafifu, kama haidrokotisoni ya asilimia 1, kwa wiki 2 hadi 4. Takrolimasi ya kupaka, ambayo si steroidi, hufaa kwa muda mrefu zaidi kwa sababu haikondeshi ngozi, ingawa huchoma siku za mwanzo.

Na zile krimu za duka la dawa zenye mchanganyiko wa dawa ya fangasi na steroidi?

Tafadhali usijipakie. Nyingi zina steroidi kali, betamethasoni au klobetasoli, na mikunjo hufyonza dawa kuliko sehemu nyingine. Utapata nafuu ya haraka, kisha ngozi itakonda na kuacha michirizi isiyofutika. Kama kulikuwa na fangasi, atasambaa kimyakimya. Klobetasoli hiyohiyo imo kwenye baadhi ya krimu za kujichubua.

Nitamwambukiza mwenzangu?

Hapana, si kwa taulo wala kwa tendo la ndoa. Wala hukuipata kwa uchafu, kwa hiyo usijisugue kwa dodoki. Kuikwaruza ngozi huichochea soriasisi. Oga kwa sabuni isiyo na manukato, jikaushe kwa kubonyeza taulo, vaa nguo za pamba zisizobana. Ikilipuka ghafla mwilini kote, pima na VVU, maana maambukizi hayo huweza kuiamsha au kuikoleza.