Mheshimiwa, mzazi akiuliza hela ya mlinzi usimuulize katumwa na nani

Nilikuwa afisa habari wa halmashauri hapa Dar miaka kadhaa, siku hizi nawaandaa madiwani kabla hawajaenda kukutana na wananchi, na kama kuna mkutano unaowatoa jasho basi ni wa wazazi. Wa barabara utasingizia mvua. Huu mtu kaja na mtoto aliyerudishwa nyumbani kisa mchango, kamshika mkono kabisa.

Juzi kati, kata moja ya huko pembezoni, mama mmoja kauliza kitu chepesi tu: elimu si bure, sasa hii elfu moja ya mlinzi wa shule kila mwezi ni ya nini? Mheshimiwa kashika maiki, "Mama, nani kakutuma?" Mkutano ukaishia pale pale, kina baba waliokuwa wanachati nyuma wote wakasimama, na jioni klipu ishazunguka magrupu yote ya WhatsApp ya kata nzima.

Na jibu lilikuwepo! Elimu bila ada mpaka kidato cha nne ilikuja na Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, utekelezaji ukaanza Januari 2016. Badala yake serikali inatoa ruzuku, shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, humo 4,000 inabaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu, shuleni inafika 6,000. Gawa kwa 12. Mia tano kwa mwezi jamani, wakati nauli ya denti kwenye daladala kwenda na kurudi siku moja tu ni 400. Hiyo mia tano ndo chaki, ndo mitihani, ndo kitasa kikivunjika, mlinzi atatokea wapi hapo?

Kwa nini hawaisemi hiyo namba? Nikiwabana wengi wanakiri, wanaogopa ionekane wanasema serikali haitoi za kutosha halafu waitwe juu. Hofu hiyo naielewa, ila mama anayeuza vitumbua anajua kugawanya kukuzidi wewe.

Jibu lingine, baya zaidi kwa maoni yangu, ni kumtumbua mwalimu mkuu hadharani. Tangu Rais Magufuli apige marufuku michango mashuleni Januari 2018, kila anayetaka makofi ya chap anajua pa kushika. Mwalimu anaondoka, mlinzi naye anaondoka, madawati yanaibiwa, na hela inaanza kuchangwa upya kimyakimya bila risiti.

Mimi nawaambia hivi: anza na kile unachoweza kukimaliza hapo hapo, yaani hakuna mtoto wa kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango, kesho wote darasani. Kisha toa karatasi ya mapato na matumizi ya shule, iliyoandaliwa na kamati ya shule, sio hotuba ya madarasa mangapi yamejengwa (aisee hakuna aliyeuliza). La mkurugenzi wa halmashauri sema ni la mkurugenzi, na utaje tarehe ya kurudi na majibu.

Yule mheshimiwa alirudi wiki tatu baadae, karatasi mkononi, kaibandika mwenyewe kwenye ubao wa matangazo. Hakupigiwa makofi. Yule mama akaisoma mpaka chini, kisha akageuka: "Sasa huyo mlinzi mwenyewe analipwa shilingi ngapi?"

Mheshimiwa akamwangalia mwalimu mkuu. Hiyo hatukuiandika.