Je, wazazi wakikataa mchumba, mapenzi huzidi?

Lubumbashi, kuanzia Katuba hadi Kassapa, kuna ushauri ambao karibu kila shangazi anao: usimkataze binti yako kijana fulani, utamsukuma mikononi mwake. Unasikika kama hekima ya wazee, lakini una utafiti nyuma yake, na hapo ndipo wengi tunapopotoka.

Mwaka 1972 mwanasaikolojia Richard Driscoll na wenzake wawili walichapisha matokeo kuhusu jozi 140 za wachumba na wanandoa huko Colorado, Marekani. Waliwahoji mara mbili, kukiwa na nafasi ya miezi 6 hadi 10. Kadiri wazazi walivyozidi kuingilia, mapenzi nayo yalielekea kupanda. Jambo hilo likapewa jina la Romeo na Juliet, wapenzi wa tamthilia ya Shakespeare ambao familia zao zilikuwa na uadui, likaenea. Nusu ya pili ya matokeo haikuenea: wazazi walipoingilia, wapenzi waliaminiana kidogo zaidi na kulaumiana zaidi.

Mwaka 2014 Colleen Sinclair na wenzake walirudia kazi hiyo kwa vipimo vilevile. Ongezeko la mapenzi halikuonekana. Upinzani wa wazazi uliambatana na mapenzi hafifu na nia dhaifu ya kubaki pamoja. Kwa hiyo mzazi anayekataa hajengi mapenzi; mara nyingi anayabomoa, polepole.

Mbona basi kila mtaa una mfano wa wawili walioshikana zaidi baada ya kukatazwa? Fikiria mbabula, yaani jiko la mkaa, iliyojaa makala (makaa), upepo ukaipiga. Makala yaliyoshika moto vizuri yanang'aa. Yale yaliyoanza tu kuwaka yanazimika. Anayepita baadaye anaona mekundu tu, anasema upepo ndio uliowasha. Jozi zilizovunjika wiki ya pili baada ya baba kufoka hazisimuliwi na mtu. Na hata makala yale mekundu, upepo unayamaliza upesi.

Kung'aa kwenyewe si uongo. Mwanasaikolojia Jack Brehm alieleza mwaka 1966 kwamba mtu akihisi uhuru wake unabanwa, hukitamani zaidi kile alichozuiwa. Ila anachokipigania ni uhuru, si lazima mtu. Ndiyo maana baadhi ya wachumba, wazazi wakisharidhia, hugundua hawana la kuongea: muda wote walizungumzia adui wao.

Hata hivyo, watu waliochunguzwa walikuwa hasa Wamarekani, ambao baba zao hawaketi kujadili doti, yaani mahari. Kongo, sheria ya familia ya 1987 inadai doti, hivyo familia ina ufunguo ambao mzazi wa Colorado hana. Sitayabeba matokeo hayo yote kama yalivyo.

Kwa aliyekataliwa, kwanza ajue kinachokataliwa. Kama ni fedha au muda, mjomba mwenye busara anaweza kuomba doti ipunguzwe au ilipwe kwa awamu. Kama ni kabila, hoja za mchumba mwenyewe hufika mbali kidogo tu. Atafutwe mtu wa ndani anayesikilizwa. Kama ni tabia, yaani ulevi, kipigo au uongo, hapo mkaidi ajichunguze. Kujificha ndiko kunakoharibu zaidi: mnakutana saa moja moja, mmevaa vizuri, hamwonani mkiwa na njaa, madeni au hasira.

Kisha awaulize marafiki. Mwanasosholojia Diane Felmlee alikuta mwaka 2001 kwamba uhusiano ulioungwa mkono na marafiki ulielekea kudumu zaidi, na marafiki hao hawana doti ya kudai.