RSV: mafua mepesi kwako, mazito kwa mtoto mchanga na mzee

RSV ni nini?
Ni kirusi cha njia ya hewa kilichotambuliwa mwaka 1956. Karibu kila mtoto hukipata kabla ya kutimiza miaka 2, na mtu huambukizwa tena na tena maishani. Kwa mwenye afya njema huishia kwenye kamasi na kikohozi, ndiyo maana wengi hawajui hata jina lake.

Kwa nini kimlemee mtoto mchanga?
Vijia vyake vya hewa ni vyembamba mno. Vikivimba kidogo na kujaa kamasi, hewa hukosa pa kupita. Walio hatarini zaidi ni wa chini ya miezi 6 na waliozaliwa njiti. Mzee naye kinga imepungua, na akiwa na maradhi ya moyo au mapafu, RSV huyachochea.

Nitazame nini?
Pumzi, kuliko kikohozi. Mfunue kifua. Mbavu zikibonyea ndani kila anapovuta hewa, pua zikitanuka, akihema haraka au akishindwa kunyonya, mpeleke hospitali. Midomo ikigeuka bluu, au pumzi ikisita, usingoje kuche. Kichanga anaweza asikohoe kabisa, akalegea tu na pumzi kukatika.

Nimpe antibaiotiki?
Hapana, haziui virusi.

Chanjo ipo?
Ipo, ingawa ilichelewa. Chanjo iliyojaribiwa miaka ya 1960 iliwadhuru watoto: walipoambukizwa baadaye, waliugua vibaya zaidi. Tangu 2023 zimeidhinishwa chanjo za wazee na ya wajawazito. Mama akichanjwa, kingamwili zake (protini za mwili zinazopambana na kirusi) humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma. Shirika la Afya Duniani linashauri ichomwe kuanzia wiki ya 28 ya ujauzito. Pia kuna sindano ya kingamwili zilizo tayari, anayochomwa mtoto mwenyewe, nayo humkinga kwa miezi 5 hivi. Hazipatikani kila mahali, kwa hiyo ulizia kliniki.

Nina mafua kidogo tu. Nimbebe mtoto?
Subiri upone. Mafua hayo "kidogo tu" ndiyo yanayomfikia, mara nyingi kupitia busu la kaka au dada yake, au mkono uliofuta pua. Kirusi hudumu saa kadhaa juu ya meza, lakini sabuni hukimaliza.

Na kama mwenye mafua ni mama anayenyonyesha?
Aendelee kunyonyesha. Anawe mikono kwanza, na avae barakoa.